NYUMBA YENYE UNYEVU: JUA MAJI YANATOKA WAPI KABLA HUJANUNUA RANGI



Leo naomba tuache kidogo mambo ya mpira na siasa, tuongelee ukuta. Ndiyo, ukuta! Kama umepanga chumba huku kwetu Makandana, au pale Bulyaga, au Bagamoyo (ya Tukuyu, sio ya Pwani), nadhani umeshanielewa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tano ukuta unalia. Chini kuna doa la maji kama ramani, rangi inabanduka kama magamba ya samaki, nguo zinanuka uvundo, na viatu vya Jumapili vinaota manyoya ya kijani.

Mimi nilipomaliza form four nilihama nyumbani nikapanga chumba kimoja hapa Makandana, sio mbali na hospitali ya wilaya. Begi la vyeti nikaliweka chini ya kitanda, limeegemea ukuta. Mwezi wa tano nikasikia mahali wanataka watu wa kazi, niende na cheti. Kufungua begi, cheti kina madoa meusi pembeni na karatasi imelegea kama mkate uliolowa. Jina na namba vinasomeka, namshukuru Mungu. Lakini siku ile nilijiambia lazima niujue huu unyevu ni kitu gani. Nimeuliza mafundi, nimesoma, nimechimba kwa mikono yangu, na nimekosea mara mbili. Haya ndiyo niliyoyapata, nimeyapanga ili mtu aweze kurudi na kuangalia sehemu anayoihitaji.

Kama muda wako wa kafe unakaribia kuisha, ondoka na hili moja: UNYEVU SIO UGONJWA MMOJA. Kuna maji yanayotoka juu, yanayotoka pembeni, yanayotoka chini, na yanayotoka ndani ya chumba chenyewe. Kila aina ina dawa yake. Ukitumia dawa ya moja kutibu nyingine umetupa hela. Na rangi haitibu hata moja.

KWA NINI SISI HUKU?

Tukuyu iko kati ya Ziwa Nyasa na Mlima Rungwe, mlima wenye urefu wa karibu mita 2,960. Upepo unatoka ziwani ukiwa na unyevunyevu, unakutana na milima, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dar es Salaam wanapata kama 1,100, Dodoma kama 570. Ndiyo maana migomba na chai vinatuheshimu, na kuta zinatuchukia.

Hebu tupige hesabu ndogo. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Milimita 2,000 za mvua ni kina cha mita 2. Kwa hiyo 48 mara 2 ni mita za ujazo 96, yaani lita 96,000, yaani madumu 4,800 ya lita 20 kwa mwaka kutoka paa moja tu. Kama nyumba haina gata (ile mifereji ya kukinga maji ya paa), madumu yote hayo yanamwagwa hatua moja kutoka kwenye msingi wako. Halafu tunashangaa ukuta umelowa!

Wazee wetu Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo, paa la nyasi lenye mteremko mkali, na moto unawaka ndani. Paa lilishuka mbali nje ya ukuta na moto ulikausha kila kitu. Tulipohamia kwenye bati tukapata paa la kudumu, lakini wengi tulikata bati fupi ili kubana matumizi, na moto tukautoa nje. Simaanishi turudi kwenye nyasi. Nasema kazi iliyokuwa inafanywa na nyasi ndefu na moto lazima sasa ifanywe na kitu kingine.

AINA YA 1: MAJI YA JUU

Dalili: doa la rangi ya chai kwenye dari au juu ya ukuta. Linakua mvua ikinyesha na kutulia mvua ikikata.

Sababu: tundu la msumari lililopanuka au raba ya msumari iliyooza, bati lililopishana kidogo mno na mwenzake, kofia ya bati iliyokaa vibaya juu kabisa, au gata lililojaa majani likamwagia maji ukutani.

Namna ya kukagua: mchana wa jua ingia ndani, funga milango na madirisha, angalia juu. Ukiona nyota, huko ndiko maji yanakopita. Kama una dari, panda juu na tochi. Lakini jihadhari: tundu mara nyingi haliko juu ya doa. Maji yanaweza kuingia upande mmoja, yakatembea juu ya papi au kenchi, yakadondoka mbali kabisa. Fuata njia ya maji kwenda juu.

Dawa: badilisha msumari na raba yake, panga upya bati, safisha gata kabla ya mwezi wa kumi na moja. Hii ndiyo aina rahisi kuliko zote na ya kuanza nayo.

AINA YA 2: MAJI YA PEMBENI

Dalili: ukuta wa upande mmoja tu ndio unaolowa, ule unaopigwa na mvua ya upepo. Au sehemu ya chini, kama sentimita 30 au 50 kutoka ardhini, ina matope na imelika kwa nje.

Sababu: hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni mvua ya kupiga ukuta moja kwa moja kupitia nyufa na pembeni mwa madirisha. La pili watu wengi hawalioni: matone yanayoruka. Maji ya paa yakianguka kwenye udongo mgumu yanaruka na kupiga ukuta, siku baada ya siku.

Tofali zetu nazo zina mchango. Nyumba nyingi huku ni za tofali za kuchoma, na nyingi zimejengwa kwa udongo badala ya simenti katikati ya tofali. Tofali iliyoiva vizuri ukiigonga na mwenzake inalia kama chuma kidogo. Ambayo haijaiva inatoa sauti ya "pu". Kipimo kingine: pima tofali kavu kwenye mizani ya duka, itumbukize kwenye maji masaa 24, pima tena. Kama ilikuwa kilo 3 na sasa imezidi kilo 3.6, yaani imekunywa zaidi ya asilimia 20, hiyo ni sponji, usiijengee ukuta wa nje.

Dawa: ziba nyufa, weka gata, tokeza bati nje ya ukuta angalau sentimita 60. Na pale maji yanapoangukia weka kokoto au mawe madogo upana wa kama nusu mita, matone yatavunjika badala ya kuruka.

AINA YA 3: MAJI YA CHINI

Chukua andazi, chovya kona moja kwenye chai. Usilizamishe, gusisha tu. Chai inapanda yenyewe. Kitambi cha taa ya mafuta kinafanya hivyo hivyo. Tofali nalo lina vijitundu vidogo sana, na likikaa kwenye ardhi yenye maji linanyonya kwenda juu.

Dalili: alama inaanzia sakafuni na kupanda, kwa kawaida haizidi kama mita moja, na mwisho wake juu ni kama mstari wa mawimbi. Kwenye mstari huo kuna unga mweupe. Huo unga sio fangasi, ni chumvi za ardhini. Maji yamezipandisha, yamekauka, chumvi imebaki. Chumvi hiyo ndiyo inayosukuma lipu na rangi mpaka vinabanduka.

Sababu: nyumba haina kizuizi kati ya msingi na ukuta. Mafundi wanakiita DPC. Ni nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha kuta. Nyumba nyingi za zamani hazina kabisa.

Lakini sikiliza: mara nyingi kizuizi kipo, au msingi wa mawe ni mrefu wa kutosha, ila mwenye nyumba amekizika. Amemwaga kifusi nje, amepanda maua, amejenga karo, miaka kumi udongo umepanda mpaka uko juu kuliko sakafu ya ndani. Hapo ardhi inagusana na tofali moja kwa moja na kizuizi hakina kazi.

Dawa: anza na jembe kabla ya simenti. Shusha udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15. Chimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Ardhi iteremke KUTOKA kwenye nyumba, sio kuelekea. Kwa nyumba za kwenye mteremko, na Makandana miteremko ndiyo yenyewe, mtaro muhimu kuliko wote ni wa upande wa juu, ule unaokata maji ya jirani yako wa juu kabla hayajakufikia.

AINA YA 4: MAJI YA NDANI

Hii ndiyo inayowachanganya watu wengi. Unatoa soda kwenye friji, chupa inatoka jasho. Je, chupa imevuja? Hapana. Hewa ina maji yasiyoonekana, ikigusa kitu cha baridi yanajitokeza. Sasa chumba chako usiku ni hivyo hivyo. Mtu mmoja akilala usiku mzima anatoa kwa pumzi na jasho karibu robo lita ya maji. Mkilala wanne kwenye chumba kimoja ni karibu lita nzima. Ongeza sufuria ya maharage iliyochemka masaa matatu, ongeza nguo mlizoanika ndani kwa sababu nje kuna ukungu. Maji yote hayo yataenda wapi? Yanatafuta sehemu ya baridi: bati, kona ya ukuta, nyuma ya kabati, kioo cha dirisha.

Dalili: madoa meusi ya kuvu (wengi tunasema fangasi) kwenye kona, nyuma ya kabati na karibu na dari. Hakuna mstari wa chumvi. Asubuhi bati linadondosha matone wakati mvua haikunyesha. Na hii ndiyo alama kubwa: inazidi mwezi wa sita na wa saba, wakati mvua imepungua lakini baridi ni kali. Maji ya mvua hayawezi kuzidi wakati mvua haipo!

Dawa: toa mvuke, ingiza hewa. Pikia nje au karibu na dirisha lililo wazi, funika sufuria. Ukungu wa asubuhi ukishaondoka fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, hata kama ni nusu saa. Anika nguo kibarazani. Sogeza kabati na kitanda sentimita 10 kutoka ukutani. Usizibe vile vitundu vya hewa juu ya dirisha kwa magazeti, najua baridi inauma, lakini ndiyo pua ya nyumba. Na dari husaidia, kwa sababu pumzi yako haigusi bati la baridi moja kwa moja.

KIPIMO CHA NAILONI

Hujui una aina ipi? Fundi mmoja mzee alinifundisha kipimo hiki na hakigharimu kitu.

Kata kipande cha nailoni safi inayoonyesha, kama sentimita 30 kwa 30. Futa ukuta kwa kitambaa kikavu. Bandika nailoni ukutani kwa seloteipu pande zote nne, hewa isipite. Subiri siku moja mpaka mbili. Halafu angalia matone yako wapi.

Matone yakiwa NYUMA ya nailoni, kati yake na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Hiyo ni aina ya 2 au ya 3 (au ya 1 kama ni juu).

Matone yakiwa MBELE, upande wako wewe, maji yanatoka kwenye hewa ya chumba. Hiyo ni aina ya 4.

Yakiwa pande zote mbili, pole sana, una zote. Mimi nilikuwa na zote. Weka nailoni mbili, moja chini karibu na sakafu na nyingine juu kwenye kona, utapata picha nzuri zaidi.

MAKOSA TUNAYOFANYA

Kosa la kwanza ni kupaka rangi. Mimi nilinunua kopo la rangi nikapaka ukuta ukiwa umelowa. Ulipendeza wiki tatu. Wiki ya nne doa likarudi na marafiki zake. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaziba ukuta usipumue, maji yanasukuma kutoka ndani na rangi inavimba malengelenge.

Kosa la pili ni kupiga lipu ya simenti nzito juu ya tofali mbichi za udongo. Udongo unavimba na kusinyaa kufuatana na maji, simenti haiendi naye. Inapasuka, mvua inaingia kwenye ufa, na sasa haiwezi kutoka. Ukuta unaozea ndani huku kwa nje unaonekana wa kisasa, mpaka siku lipu inaanguka pande kubwa kubwa. Wenzetu wa Zanzibar wanalijua hili vizuri. Nyumba za Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Wanaotengeneza nyumba hizo kwa simenti badala ya chokaa wanafungia maji ndani ya ukuta, na wataalamu wa kule wanalipigia kelele siku zote. Somo kwa sisi wa tofali za udongo: tumia lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga, au ya chokaa, na uilinde kwa bati refu.

Kosa la tatu linaua, naomba usiliruke. Watu wanawasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha ukuta au kupasha joto usiku. Mimi nilifanya ujinga huu. Jumapili moja jioni nimefunga mlango, jiko linawaka karibu na ukuta, najisomea gazeti. Kichwa kikaanza kuuma, nikadhani ni njaa. Nikasimama, miguu ikakataa. Jirani alikuja kuomba kiberiti, akafungua mlango, ndio nikapona. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki. Kama mnaumwa kichwa au kizunguzungu wote chumbani na jiko linawaka, tokeni nje kwanza halafu ndio muulizane.

KUVU NA AFYA

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Linasema wanaoishi kwenye nyumba za hivyo wana hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu ndio wa kwanza kuumia.

Watu wanasema unyevu unaleta TB. Hapana, TB inaletwa na vijidudu kutoka kwa mgonjwa. Ila chumba kisicho na hewa na kilichojaa watu kinamsaidia huyo mdudu kuhama. Kwa hiyo kufungua dirisha kunasaidia mara mbili. Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda hospitali ukapime, usiusingizie ukuta.

Msidhani ni shida ya maskini wa Afrika tu. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili anaitwa Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Wazazi wake walitoka Sudan. Nyumba waliyopanga ilikuwa na kuvu kila kona, baba yake alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ukathibitisha kwamba kuvu ile ndiyo iliyosababisha kifo. Mwaka 2023 Uingereza ikapitisha sheria, watu wanaiita Sheria ya Awaab, ya kuwabana wenye nyumba za umma watengeneze haraka. Baba aliambiwa apake rangi. Mnaona?

Kusafisha kuvu: fungua dirisha, funika pua na mdomo, vaa glavu au mifuko mikononi. Futa kwa maji ya sabuni, halafu unaweza kufuta kwa Jik iliyochanganywa na maji. USICHANGANYE Jik na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu. Usikwangue kuvu kavu, inaruka hewani. Na kumbuka, kama maji hayajazuiwa itarudi.

KAMA WEWE NI MPANGAJI

Wengi wetu tunaogopa kusema, tunahofia kufukuzwa. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamwekea mwenye nyumba wajibu fulani unaohesabika upo hata kama mkataba haukuandika. Akikupangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu za nje na mitaro mikuu anatunza yeye. Na chumba cha kuishi kinatakiwa kifae binadamu kuishi. Upande wako, wewe unatakiwa utunze ndani, maana unyevu wa aina ya 4 huwezi kumlaumu mtu kama umeziba madirisha mwenyewe.

Ushauri wangu: usianze na sheria, anza na nailoni. Mimi nilimwita mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama, naomba uje uone kitu." Nikamwonyesha matone nyuma ya nailoni, nikampeleka nje akaona udongo wa bustani yake ulivyo juu kuliko sakafu yangu. Mwanzo alisema wapangaji wa siku hizi mnapenda lawama. Alipoweka mkono ukutani akanyamaza. Tukakubaliana: mimi na washikaji wawili tunachimba, yeye ananunua gata la upande ule, na kodi ya mwezi mmoja anapunguza kidogo. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote.

Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu Baraza la Kata wawasuluhishe. Likiwa zito zaidi lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Piga picha zenye tarehe na tunza risiti za kodi.

KAMA UNAJENGA AU NYUMBANI WANAJENGA

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mwambie fundi mambo matano: msingi wa mawe upande juu ya ardhi, sio kuishia usawa wa nyasi. Nailoni ya DPC upana wote wa ukuta, bila kutobolewa. Nailoni chini ya jamvi la sakafu pia, ikutane na ile ya ukuta. Bati litokeze sentimita 60 au zaidi na lifungwe vizuri, upepo wetu mnaujua. Gata na mtaro viwe kwenye bajeti toka mwanzo, sio "tutaweka baadaye". Baadaye haifikagi.

MASWALI NINAYOULIZWA

Ukuta utakauka baada ya muda gani? Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, baada ya kuzuia maji. Ukuta wa sentimita 12.5 ni miezi mitano. Ndiyo maana lipu na rangi ni vya mwisho.

Nitengeneze lini? Chimba na rekebisha paa mvua zikikata, mwezi wa sita. Lipu na rangi mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua hazijarudi.

Sina hela kabisa, nifanye nini leo? Vitu vinne vya bure: shusha udongo wa nje, chimba mtaro, sogeza kabati, fungua dirisha.

Na vyeti? Usiviweke sakafuni wala usiviegemeze ukutani. Siku ya jua vipepee hewani kivulini mpaka vikauke kabisa, ndipo uvifungie kwenye bahasha na boksi la plastiki lenye mfuniko. Karatasi yenye unyevu ukiifunga kwenye nailoni unaifugia kuvu, ndicho nilichofanya mimi. Na hapo hapo kafe ulipo, omba wakuskanie cheti, jitumie kwenye imeili yako. Nakala haiwezi kuota kuvu.

Kwangu mimi tulichimba mwezi wa sita. Mwezi wa kumi ukuta ukawa mkavu, nailoni ya chini haina tone hata moja. Kona ya juu bado inatoka jasho baridi ikizidi, lakini hiyo ni kazi yangu na dirisha langu. Cheti kina doa lake la kudumu, na kila ninapokipeleka mahali naulizwa limetoka wapi. Nawaambia ni la Makandana.

Wewe kwako maji yanatoka wapi? Weka nailoni leo, keshokutwa njoo utuambie hapo chini matone yalikuwa nyuma au mbele.